Uzi: Matawi ya saikolojia na namna yanavyolishana

Tafakuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila anapojitokeza mtu anayetaka kusoma saikolojia, anapewa orodha. Saikolojia ya ukuaji ni ya watoto, ya kliniki ni ya wagonjwa, ya kazi ni ya maofisini, ya jamii ni ya makundi, ya elimu ni ya walimu, haya chagua. Orodha hiyo inamfanya mgeni aamini kwamba binadamu amekatwa vipande na kila tawi limepewa chake. Anasoma kipande chake miaka yote, cha jirani hakigusi, halafu siku moja analetewa mtu mwenye shida ya kweli, na shida yenyewe haijui mipaka ya idara za chuo.

Ninachotetea katika uzi huu ni kwamba matawi yamegawana maswali, na mtu anayechunguzwa ni yuleyule mmoja. Tena mengi ya maana tunayoyajua yalipatikana pale tawi moja lilipochukua swali la jirani na kulishughulikia kwa zana zake lenyewe.

Nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja. Mtu mzima anaogopa mbwa kiasi kwamba akisikia mnyororo ukiburuzwa nyuma ya geti, moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa, anageuza njia. Mtafiti wa ubongo atauliza kinachotokea kwenye amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu. Wa utambuzi, anayechunguza mtu anavyoona, anavyowaza na anavyokumbuka, atauliza macho ya mtu huyo yanakimbilia wapi kwanza, na anamwelewaje mbwa anayetikisa mkia. Wa ukuaji atauliza hofu ilianza umri gani, na kwa nini hofu ya wanyama kwa kawaida huanza utotoni ilhali hofu ya kusimama mbele za watu husubiri mpaka ujana. Wa jamii atauliza ni akina nani aliowaona wakikimbia mbwa. Wa haiba, anayechunguza tabia za kudumu zinazomtofautisha mtu na mtu, ataleta swali ambalo mimi naliona gumu kuliko yote: dada yake aling'atwa siku ileile, na mbwa yuleyule, mbona yeye haogopi? Mtaalamu wa vipimo atasema ngojeni, kwanza tukubaliane hofu hiyo inapimwaje. Na wa kliniki yeye ana mtu amekaa mbele yake, anayetaka kesho aweze kufika kazini.

Sasa tazameni majibu yalivyopita mkono kwa mkono. Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mwanafiziolojia, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa ya kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Alipoona mate ya mbwa wake yanatoka hata kabla chakula hakijafika, akaanza kuchunguza jinsi mnyama anavyojifunza kuambatanisha jambo na jambo. John Watson akalichukua wazo hilo kule Marekani, na mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner wakachapisha jaribio walilomtia mtoto mchanga hofu ya panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo kila alipomgusa panya. Ni jaribio ambalo leo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili. Mwaka 1924 Mary Cover Jones akageuza njia: mtoto mdogo aliyeogopa sungura, ambaye katika maandishi yake anamwita Peter, akawa anapewa chakula akipendacho huku sungura akisogezwa hatua kwa hatua, hadi mwishowe akamshika. Kisha Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, akafanya majaribio kwa paka, na mwaka 1958 akatoa kitabu kilichoipeleka njia ya hatua kwa hatua kwenye tiba ya watu wazima.

Hesabuni wenyewe: fiziolojia, maabara ya wanyama, malezi ya watoto, kliniki. Na mnyororo haukukatika hapo. Watabibu waliona kitu kinachowakatisha tamaa, kwamba mteja anatulia kabisa ofisini, akirudi mtaani hofu inamrudia. Maelezo yalitoka tena kwa watu wa panya. Mark Bouton na wenzake walionyesha kwamba hofu iliyofifia haijafutwa. Mnyama amejifunza jambo la pili, kwamba hapa hakuna hatari, na jambo hilo la pili limeshikamana na mahali alipojifunzia. Mbadilishie chumba, na ile hofu ya zamani inachomoza. Ndiyo maana mtabibu anayeijua kazi yake hafanyi mazoezi yote na mbwa mmoja kwenye uwanja mmoja. Anabadilisha mbwa, saa, mtaa, na hata mtu wa kuandamana naye.

Lile swali la wa jamii nalo lilipata jibu pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1980 Susan Mineka na wenzake walionyesha kwamba tumbili aliyekulia maabara, asiyemwogopa nyoka, huanza kumwogopa kwa kumtazama tu mwenzake akiogopa. Walipohariri video ikaonekana kana kwamba mwenzake anaogopa maua, hakujifunza hofu hiyo. Kwa hiyo tunarithishana hofu kwa macho, lakini si hofu yoyote tu: mwili una mambo uliyo tayari kuyashika haraka. Hapo saikolojia ya jamii na ile ya mageuzi ya viumbe zinakutana ndani ya jaribio moja, na sioni namna ya kuzitenganisha.

Karibuni tujadili. Wenye taaluma zao waongeze.

---

Kiulizo

Mkuu Tafakuri, shukrani, nimesoma yote. Niko mwaka wa kwanza na nina swali. Kama matawi yanalishana hivyo, kwa nini darasani tunawaona wakipingana? Mhadhiri wetu wa haiba anasema mtu mwaminifu ni mwaminifu popote. Wa saikolojia ya jamii anasema mweke yeyote katika mazingira fulani atadanganya. Sisi wanafunzi tunaandika vyote viwili kwenye madaftari na mtihani ukija tunajibu kutegemea nani anasahihisha.

---

Tafakuri

@Kiulizo, umegusa mshono wenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa marefu.

Mwaka 1957 Lee Cronbach, aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alitoa hotuba ambayo naona kila mwanafunzi aisome mapema. Alisema saikolojia ya kisayansi ni taaluma mbili. Ya kwanza ni ya majaribio: unabadilisha hali, unaangalia watu kwa wastani wanabadilikaje. Ya pili ni ya tofauti za watu: hubadilishi kitu, unapima watu walivyo na kuona kipi kinaandamana na kipi. Wa majaribio akiona watu wawili wameitikia tofauti katika hali moja, kwake hiyo ni kero, anaiita makosa ya kipimo na kuitafutia namna ya kuipunguza. Kwa wa pili, tofauti hiyohiyo ndiyo mali.

Sasa warudie wahadhiri wako. Hawabishani juu ya uaminifu. Mmoja amefundishwa kutazama wastani wa makundi, mwingine amefundishwa kutazama mtawanyiko wa watu, na kila mmoja amejengewa takwimu zinazoonyesha anachokitafuta. Mstari huu unapita katikati ya matawi bila kujali majina yao. Saikolojia ya jamii na ya utambuzi, hata kama mada zao ziko mbali, kimbinu ni ndugu wa tumbo moja kwa sababu zote ni za majaribio. Haiba, upimaji wa akili, na sehemu kubwa ya saikolojia ya kazi ziko upande wa pili.

Ugomvi ulilipuka wazi mwaka 1968, Walter Mischel alipoandika kwamba vipimo vya haiba vinabashiri kwa udhaifu kile mtu atakachofanya katika tukio moja mahususi, uwiano (kipimo cha mambo mawili kuandamana, ambapo 0 ni kutoandamana na 1 ni kuandamana kabisa) ukizidi 0.30 kwa nadra. Watu wa haiba walichukulia kama tangazo la msiba. Lakini kubishana kwenyewe kuliwafundisha pande zote. Mwaka 1979 Seymour Epstein alionyesha kwamba ukichukua tabia ya mtu kwa siku nyingi na kutafuta wastani, uthabiti unaonekana vizuri. Tukio moja linatawaliwa sana na mazingira. Mwenendo wa muda mrefu unaonyesha mtu. Kurt Lewin alikwisha kuliandika hilo katika miaka ya 1930 kwa kanuni fupi, kwamba tabia inatokana na mtu pamoja na mazingira yake. Kwenye mtihani andika hivyo, na ueleze kila mhadhiri anatazama dirisha lipi. Atakayekunyima alama atakuwa amekuonea.

---

Takwimu_Tupu

Naomba kuongezea kwa upande wetu wa vipimo, maana sisi tunaonekana kama mafundi tu wa kuandaa dodoso.

Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905 huko Paris, kwa lengo la kiutendaji kabisa: kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa ziada shuleni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kijana mmoja Mswisi, aliyesomea biolojia na kuandika juu ya konokono, akapewa kazi katika maabara ya Binet huko Paris, kusanifisha maswali ya upimaji wa kufikiri kwa watoto. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutiwa na majibu yenye makosa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikuwa wanakosea kwa namna inayofanana. Akaacha kuhesabu, akaanza kuwauliza: "Kwa nini unasema hivyo?"

Huyo ni Jean Piaget. Nusu ya mnachosoma kwenye saikolojia ya ukuaji wa fikra imetoka kwenye safu ya "amekosa" ya karatasi za vipimo. Mtaalamu wa vipimo anaitupa safu hiyo, mtu mwenye swali lingine anaiokota.

---

Tafakuri

@Takwimu_Tupu, mchango murua kabisa. Niuunge mkono kwa kurudi nyuma zaidi. Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, na watu wengi wanaihesabu hiyo kuwa mwanzo wa saikolojia ya majaribio. Lakini tazama waliopita kwake. Emil Kraepelin akaenda kupanga magonjwa ya akili kwa namna ambayo utabibu wa akili unaitumia mifupa yake hadi leo. Charles Spearman akaanzisha hesabu za akili ya jumla mwaka 1904. Hugo Münsterberg akaandika juu ya ushahidi mahakamani na juu ya ufanisi viwandani. Stanley Hall akawa miongoni mwa waasisi wa utafiti wa watoto na vijana. James McKeen Cattell akapeleka vipimo Marekani. Maabara ileile iliyokuwa inapima mwitikio wa mtu kwa sehemu ndogo za sekunde ilitoa watu wa kliniki, takwimu, sheria, viwanda na ukuaji.

---

Bahari_Tulivu

Wakuu mnanisisimua, ila mnaongea kama historia tu. Mimi nauliza la kesho. Mashine za kupiga picha za ubongo zinazidi kuwa bora. Je, siku moja haya matawi mengine yote hayatamezwa na sayansi ya ubongo? Kama hofu iko kwenye amigdala na kumbukumbu iko kwenye hipokampasi, sehemu nyingine ya ndani ya ubongo, kwa nini tuhangaike na dodoso?

---

Tafakuri

@Bahari_Tulivu, nafurahi umeuliza, kwa sababu mfano unaotumiwa zaidi na watu wa ubongo ndio unaonionyesha kwamba hilo haliwezekani.

Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyekuwa anasumbuliwa vibaya na kifafa. Akaondoa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini kijana akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Ukizungumza naye, ukatoka, ukarudi baada ya muda, anakusalimu upya.

Hapo ndipo Brenda Milner alipokuja na penseli, karatasi na kioo. Kwenye karatasi kuna nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, nawe unatakiwa upitishe penseli katikati bila kugusa kingo. Mkono wako huuoni moja kwa moja, umezibwa kwa ubao, unauona kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani. Kwenye mstari ulionyooka unajiona unaweza, ukifika kwenye kona ya nyota mkono unakwenda kinyume na unavyouamrisha, penseli inachanachana karatasi pale pale. Mtu wa kawaida anazidi kuwa bora kadiri anavyorudia. Molaison naye alizidi kuwa bora, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, makosa yakipungua vizuri kabisa, na hakuwa na kumbukumbu kwamba amewahi kufanya zoezi hilo.

Kutokana na nyota hiyo tulijua kwamba kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya ustadi wa mikono ni mifumo tofauti. Picha ya ubongo wake peke yake ingetuonyesha pengo. Pengo hilo lina maana gani, ilibidi tawi la utambuzi liulize kwa kazi iliyobuniwa kwa uangalifu. Kila picha ya ubongo mnayoiona imepigwa wakati mtu anafanya *kitu fulani* ndani ya mashine, na hicho kitu kimebuniwa na mtu wa utambuzi, wa jamii au wa kliniki. Jaribio likibuniwa vibaya, picha inapendeza na haielezi lolote. Kwa hiyo tawi la ubongo haliwezi kuwameza majirani. Linawategemea kwa maswali, kama wao wanavyolitegemea kwa kuwaambia maelezo yapi hayawezekani kimwili.

---

Nia_Njema

Jamani mimi si msomi wa haya mambo ila kuna hili la mifungamano, yaani namna mtu anavyoshikamana na watu wake wa karibu, linazunguka sana mitandaoni. Mtu anajibu maswali kumi anaambiwa wewe ni wa aina ya kukwepa, au ya wasiwasi, na sababu ni mama yako. Hili ni tawi gani? Na ni kweli?

---

Tafakuri

Dada Nia_Njema (nisamehe kama ni kaka), hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina tawi moja.

John Bowlby alikuwa daktari wa akili na mfuasi wa tiba ya Freud huko London. Wenzake walikuwa wanaamini mtoto anampenda mama kwa sababu mama anampa chakula. Bowlby hakuridhika, akaenda kusoma wataalamu wa tabia za wanyama. Kwa Konrad Lorenz akakuta vifaranga vya bata bukini vinavyomfuata kiumbe wa kwanza kumwona hata kama hawalishi. Kisha mwaka 1958 Harry Harlow akachapisha kazi yake ya watoto wa tumbili waliowekewa "mama" wawili wa kutengenezwa, mmoja wa waya mwenye maziwa na mwingine wa kitambaa laini asiye na chochote. Walikwenda kwa waya kunywa, wakarudi kwa kitambaa kukumbatia.

Aliyeligeuza wazo kuwa utafiti ni Mary Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa vipimo vya haiba. Mwaka 1954 na 1955 alikaa Uganda akizitembelea familia majumbani, akitazama mtoto anafanya nini mama akitoka chumbani na anafanya nini akirudi. Baadaye akaendelea Baltimore, na huko akabuni zoezi la maabara la mtoto, mama na mgeni, wakitoka na kuingia kwa zamu. Kinachopimwa zaidi ni dakika za mama kurudi. Mwingine analia, anabebwa, anatulia, anarudi kucheza. Mwingine anageuza uso kana kwamba hajamwona. Mwingine anang'ang'ania na kusukuma kwa wakati mmoja.

Mwaka 1987 watu wa saikolojia ya jamii, Cindy Hazan na Phillip Shaver, wakachapisha dodoso gazetini wakiwauliza watu wazima kuhusu mapenzi yao, wakijaribu kuona kama mitindo ileile inaonekana. Ndipo mada ikaingia kwenye uhusiano wa wapenzi, na kutoka hapo ikafika kwenye simu yako.

Sasa kuhusu ukweli wake. Wataalamu wa vipimo walipochambua majibu ya watu wazima waliona kwamba hakuna visanduku. Kuna mistari miwili, wasiwasi na ukwepaji, na kila mtu yuko mahali fulani kwenye kila mstari, wengi wao katikati. Tafiti za kuwafuatilia watoto hadi utu uzima zinaonyesha kwamba alivyokuwa mtoto mchanga kunabashiri kidogo tu atakavyokuwa na mwenza wake. Na uchambuzi wa mwaka 1988 uliokusanya tafiti za nchi nane ulikuta kwamba tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Aliyekuambia "wewe ni wa kukwepa kwa sababu ya mama yako" amesoma tawi la kliniki, akayaruka ya vipimo na ya ukuaji. Inaniuma, kwa sababu watu wanaacha ndoa na wanawachukia wazazi wao kwa maneno kama hayo.

---

Takwimu_Tupu

Nakazia hapo kwa Mkuu. Mfano mwingine wa aina hiyo ni ule wa mtoto na peremende. Mischel huyohuyo aliyewatikisa watu wa haiba aliwapa watoto wa shule ya awali chaguo: kimoja sasa, au viwili ukisubiri. Baadaye ikaonekana waliosubiri walifanya vizuri zaidi shuleni miaka mingi mbele, na vitabu vya malezi vikaishika kama amri. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan wakarudia kwa kundi kubwa zaidi na lenye watoto wa hali mbalimbali. Uhusiano ulikuwepo, lakini karibu nusu ya ule wa awali, na ukapungua kwa theluthi mbili walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa mapema. Swali lilianza kama la utashi wa mtoto, likaishia kwenye maisha ya familia. Mtu wa haiba peke yake asingefika huko.

---

Kiulizo

Hapo hapo wakuu. Nimesikia tafiti nyingi za saikolojia zikirudiwa hazitoi jibu lilelile. Ni matawi yote au baadhi?

---

Takwimu_Tupu

Mradi mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulirudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa katika majarida matatu. Karibu zote za awali zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, 36% tu ndizo zilizotoa matokeo hayo. Za utambuzi zilifika karibu nusu, za jamii karibu robo. Usiwahi kuwacheka watu wa jamii: watafiti wa utambuzi mara nyingi wanampima mtu mmoja mara nyingi sana katika kikao kimoja, kelele, yaani yale mabadiliko ya kubahatisha kwenye kipimo, inapungua. Wa jamii wanamweka mtu katika tukio moja, mara moja, na kulilinganisha na la mwenzake.

Dawa nayo iliazimwa. Utaratibu wa kusajili mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data ulikuwa umekwisha kuzoeleka kwenye majaribio ya tiba hospitalini.

---

Tafakuri

Na kuna pengo lingine ambalo hesabu peke yake haziliponyi. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba tafiti nyingi zinafanywa kwa watu wa jamii chache tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo, halafu zinatangazwa kuwa za binadamu wote. Mfano wao mmoja ni wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, yenye vichwa vya mishale vinavyoelekea ndani kwenye mmoja na nje kwenye mwingine. Wanafunzi wa Marekani wanaona mmoja ni mrefu waziwazi. Utafiti wa miaka ya 1960 katika jamii nyingi ulionyesha kwamba nguvu ya mazigazi hayo inatofautiana sana, na kwa baadhi yao karibu haipo. Hili ni jambo la macho, lile ambalo watu wa utambuzi walidhani ni la msingi kuliko yote na halina haja ya kuulizwa utamaduni. Saikolojia ya utamaduni mara nyingi inawekwa mwisho wa mtaala kama kiambatisho. Mimi ningeiweka muhula wa kwanza.

---

Mama_Wawili

Samahani kwa kuingilia kati ya wasomi. Nina mtoto wa miaka minane, mchangamfu, anasimulia hadithi vizuri kabisa, ila kusoma hawezi. Nimeambiwa nimpeleke kwa mwanasaikolojia. Kwa maelezo yenu, ni wa tawi gani? Wa elimu, wa kliniki au wa ubongo?

---

Mshauri

Mama, pole na hongera kwa kufuatilia mapema. Mimi nafanya kazi ya kliniki, nilikuwa nasoma kimya, lakini hili linanihusu.

Mwaka 1896 Lightner Witmer, mmoja wa wanafunzi wa Wundt, alianzisha kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mteja wake wa kwanza hakuwa na kichaa wala sonona. Alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu hawezi kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Witmer alianza na macho, ikaonekana yana kasoro, akapewa miwani. Shida ikapungua bila kwisha, ndipo akageukia kumbukumbu yake ya maumbo ya maneno na mafunzo maalumu. Kwa hiyo tawi la kliniki lilizaliwa na shida ya darasani, iliyochunguzwa kwa elimu ya milango ya fahamu. Swali lako ni lilelile.

Nakushauri hivi. Usianze kwa kuchagua jina la tawi. Anza na macho na masikio, yote mawili, hata kama unaona anasikia vizuri. Kisha tafuta mtu mwenye ujuzi wa kupima usomaji kwa watoto, mara nyingi ni mwanasaikolojia wa elimu. Mwulize atapima nini. Akikuambia atapima akili tu, uliza tena. Kwa watoto wengi wenye shida hii kizuizi kiko kwenye kutambua sauti ndogo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi, na mtoto anaweza kuwa na akili nzuri sana akakwama hapo. Watu wa utambuzi ndio waliolifafanua hilo, na dawa yake ni ya mwalimu: kufundishwa sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, kila siku kidogo kidogo.

Mweleze pia lugha anayotumia nyumbani na anayosomea shuleni kama ni tofauti, maana kipimo kinaweza kumhukumu kwa lugha asiyoizoea. Na angalia kama ameanza kuumwa tumbo asubuhi za shule au kujiita mjinga. Hapo nitahitajika mimi, sambamba na mafunzo ya kusoma, si badala yake.

---

Mama_Wawili

Tumbo linamuuma kila Jumatatu. Nilidhani ni minyoo.

---

Mshauri

Mama, minyoo nayo ipimwe, tusikisie. Lakini ukienda kwa huyo wa elimu, hilo la Jumatatu liwe miongoni mwa mambo ya kwanza kumwambia, na mwalimu wake wa darasa alijue wiki hii. Mwombe asimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake wakati vipimo vinaendelea. Nitumie ujumbe faraghani nikuandikie maswali ya kwenda nayo.